Mti Uliogemwa Kila Siku

Mama mdogo wangu ni mgema wa miti ya mpira, na ole wake mtu atakayemwambia kwamba kazi hiyo ni kukwaruza miti tu. Ganda hukatwa kwa mshazari, kina cha kutosha utomvu utoke, lakini kisu kisiguse mbao. Ukikata juu juu unaambulia matone. Ukizama, umeacha kidonda ambacho mti utazeeka nacho. Wasimamizi wamekuja na kuondoka, na wote wamemsifu kwa wepesi wa mkono. Mwenyewe husema mkono ni mwepesi kwa sababu uzito wote uko kwenye ulimi, na hapo hakuna anayembishia.

Mumewe, baba mdogo, alikuwa fundi wa kubebesha miche kitaluni. Mpira wa shamba kama letu hauoteshwi hivi hivi kwa mbegu, kwa kuwa mtoto wa mbegu hujui atafuata upande gani wa ukoo. Fundi hubandua kipande cha ganda chenye jicho, kile kichipukizi kilicholala, kutoka mti unaotoa utomvu mwingi, akakifunga kwenye shina la mche mwingine. Kinachoota hapo ni mti ule ule wa kwanza, damu ile ile. Shamba letu zima ni mti mmoja uliorudiwa hadi mtu achoke kuhesabu. Baba mdogo alikuwa akijigamba kwamba hakuna mwanamume aliyeacha watoto wengi kama yeye, na mkewe akimjibu kwamba hao watoto hawajawahi kumletea hata maji ya kunywa.

Walikutana hapo hapo kitaluni. Mama mdogo, msichana bado, aliletwa kumwagilia miche, na siku yake ya kwanza alipita na ndoo karibu na fundi. Fundi akageuza shingo kumtazama huku mikono ikiendelea na kazi, akalifunga jicho kichwa chini. Ni kosa la mwanafunzi, na yeye alikuwa anafundisha wengine. Jicho likashika vilevile. Chipukizi likatoka likielekea ardhini, kisha likajipinda kutafuta jua, na mche ukabaki na goti. Wenzake walimcheka mpaka akauchukua mwenyewe kwenda kuupanda mwisho wa mstari. Walipooana, aliomba mstari ule apewe mkewe augeme.

Baba mdogo alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, bila kuugua muda mrefu. Mama mdogo alimaliza msiba, akanoa kisu, akarudi kazini. Nilihamia kwake wakati huo, maana nami nafanya kazi kwenye kibanda cha kupokelea utomvu, na nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Shati la mumewe la kazi lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila aliyetaka kulitoa alikiona cha moto. Chai aliendelea kuipika ya watu wawili hata siku nilizolala kwa mama yangu. Nilijua alimkumbuka. Sikujua alimkumbuka kiasi gani.

Mpira hugemwa leo, kesho ukapumzishwa. Kila mgema ana sehemu mbili za kupokezana, na mama mdogo huyo huyo ameshawahi kuwafokea wageni mbele ya watu kwa kuvunja utaratibu huo. Basi nilishangaa kumkuta siku moja kwenye mti wa goti, wakati sehemu ile ilikuwa mapumzikoni. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, bila kunitazama, kwamba ameanza kuupitia kila asubuhi tangu msiba.

"Sasa mwanangu, nipite hapa nisimsalimie?"

Na kumsalimia, kwa mgema, ni kukata. Nilimwambia ataumaliza ule mti. Akaniambia niende nikachunge mapipa yangu.

Haukupita muda mrefu kikombe cha kukingia utomvu wake kikaanza kurudi nusu, kisha matone, kisha hakuna. Kisu kilipita kwenye ganda, na chini yake pakawa pakavu, rangi ya kahawia. Msimamizi akaupaka alama nyekundu, maana mti uliokauka huuzwa mbao. Mama mdogo hakugombana naye. Alikwenda kumtafuta bwana shamba, mtu ambaye yeye mwenyewe alizoea kumtania kwa viatu vyake visafi, na akamweleza kila kitu kwa sauti ndogo.

Bwana shamba hakumkaripia. Alimweleza kwamba ukoo ule wa miti ni mkarimu kupita kiasi: ukiukata unatoa utomvu wote ulio nao kuziba kidonda, na unahitaji muda wa kutengeneza mwingine. Ukiumizwa kila siku, mirija yake huharibika na kujifunga. Ukoo mwingine ungevumilia zaidi. Miti mingine hupona ikipumzishwa, mingine haiponi. Alimwombea kwa msimamizi: mti usiguswe mpaka upukutishe majani na kuchipua tena, ndipo ujaribiwe. Ukitoa, utabaki; usipotoa, msumeno.

Nimewahi kumwona mama mdogo akilia, lakini kipindi kile kilikuwa kibaya kuliko kilio. Alizunguka mbali ili asipite pale. Jioni alinoa kisu ambacho tayari kilikuwa na makali, akakiweka, akakichukua tena. Aliniambia kwamba mume alimzika mara moja, na sasa anamzika kila asubuhi.

Majani mapya yalipokomaa tulikwenda, mimi, yeye, msimamizi na bwana shamba. Alishika kisu, akavuta pumzi, akakata mara moja tu. Tulisubiri. Ganda likatoa jasho jeupe, jasho likawa tone, na tone likafuata mfereji hadi kwenye kikombe, likifuatwa na jingine. Msimamizi akacheka kwa furaha, akasema mti umerudi, na mama aendelee nao kama zamani.

Mama mdogo aliangalia utomvu ukiteremka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nihamishe kwenye mistari ya kule mtoni," alimwambia msimamizi. "Huu mpe mtu ambaye hakumjua marehemu. Mimi nikibaki nitaukausha tena."

Akanyanyua ndoo yake, akaondoka kabla kikombe hakijajaa.