Dramu za Nyundo

Msinitajie ile albamu nikiwa nakula. Watu wanaisifu, wanatikisa vichwa, na mimi namezea tu kwa sababu mwenye nyumba anatabasamu.

Mwenye nyumba ni mume wangu, Nyundo. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata wao wamelisahau. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari gereji: unampelekea mlango uliobonyea, anaugonga mpaka unasahau kwamba uligongwa. Jioni alikuwa anakwenda kugonga tena, safari hii dramu, kwenye bendi ya roki ya watu watatu: yeye, mdogo wake wa tumbo moja ambaye ndiye mwimbaji na mpiga gitaa, na mwalimu mmoja wa kemia kwenye besi. Walifanyia mazoezi humo humo gereji, magari yakishatolewa nje. Majirani walisema ni kelele. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti kuwashinda wao, lakini haki ya Mungu sikukosa kwenda kusikiliza.

Sasa, mabati mchana na dramu jioni, masikio yatapona wapi? Yalianza kwa kuvuma. Kisha akawa anajibu nisichouliza: namwambia chumvi imekwisha, ananiambia mama hajambo. Tukacheka sana. Daktari hakucheka. Alisema kilichokwisha kufa mle ndani hakirudi, na kilichobaki kinaondoka taratibu.

Tangu siku ile Nyundo alitaka kitu kimoja tu duniani, albamu. "Nataka nijisikie mwenyewe kabla duka halijafungwa," aliniambia. "Na watoto wabaki na mkono wangu."

Lazima mjue alivyokuwa anapiga. Hakufuata muziki kwa masikio, alifuata mguu wa mdogo wake. Shemeji akiimba anapiga mguu chini, na akitaka kuvuta pumzi ananyanyua kisigino. Nyundo anamsubiri hapo, halafu wanashuka pamoja. Walikuwa hivyo tangu utotoni, wakipiga madebe uani kwa mama yao, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi mitambo wa studio.

Studio wakamfungia Nyundo chumba chake peke yake, hedifoni masikioni, ukuta mbele ya macho. Mguu wa kuangalia hakuna. Jamani, nilikuwepo! Alipiga kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akatoka jasho chapachapa, akaniuliza imeendaje, nikamwambia itakuwa sawa, nikijua watarudia wote wakiwa chumba kimoja. Warudie? Thubutu! Kampuni iliyolipia studio ilikuwa na haraka zake. Fundi mitambo akafuta dramu zote, akaweka za kompyuta, na shemeji yangu, mtu aliyekulia kwenye sufuria zangu, akasema sawa.

Mwalimu ndiye aliyenipasulia ukweli huo. Alikuja nyumbani Nyundo akiwa kazini, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, mle ndani hamna hata pigo moja la Nyundo," akasema. "Mimi sitoi ridhaa yangu. Bila ridhaa ya wote watatu, haitoki."

Nikamfuata yule mwimbaji mbio mbio.

"Shemeji, hasira hasara," akaniambia. "Picha yake ipo kwenye jalada, jina lipo. Ukimwambia utamuua. Usipomwambia, hatajua."

"Hatajua kwa sababu masikio yamekufa, siyo? Huna haya wewe!"

Akaangalia chini. Hakubadilisha kitu.

Miezi ikapita, albamu imekwama, na Nyundo kila akiamka anasikia pungufu ya jana. Yeye alijua tu kwamba Mwalimu amegoma. Kagomea nini, hakuna aliyemwambia. Jioni moja akatoka gereji na ovaroli lake lenye rangi na vumbi, moja kwa moja hadi kwa Mwalimu, mimi nyuma yake namwita, hasikii.

"Mwalimu, kama nimekukosea, nisamehe," akasema mlangoni pale. "Iache itoke wakati bado nasikia."

Alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwalimu akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, nikauona uso wa mume wangu, nikaufunga.

"Haya, kaka," Mwalimu akasema. "Itoke." Kisha akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajashika besi.

Ikatoka. Nyumba yetu ikajaa watu hadi kizingitini. Nyundo akavuta kiti, akabandika kiganja kwenye spika, akafumba macho. Dramu zikaanza, pa, pa, pa, hazimsubiri mtu avute pumzi. Mwenzake mmoja wa gereji akamwinamia sikioni akapiga kelele, "Nyundo, umepiga kama mashine!" Mume wangu akacheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akamwita mdogo wake kwa mkono, akamkumbatia.

"Ahsante, mdogo wangu. Umenitunza humu."

"Usijali, kaka," yule akasema, akatafuta mlango. Nilimsonya mbele za watu wote, wakashangaa.

"Mama watoto!" Nyundo akaniita. "Ongeza sauti, najisikia kwa mbali."

Nikaongeza. Akatikisa kichwa, akasema niongeze tena, nikaongeza tena, hadi kitufe kikagoma kuzunguka.