Nilisema nimemwona shangazi, sasa kijiji kizima kimemwona

Admin, jina langu lifukie kabisa. Huku Heru Juu bodaboda anayejulikana kama mimi hakuna, warembo watalia. Nina miaka 23, shule niliishia kidato cha pili, ila kwa maneno nawazidi wenye digrii. Na hayo maneno ndiyo yameniponza.

Shangazi yangu ndiye aliyetulea mimi na dada baada ya mama kufariki. Mwezi uliopita aliloweka mihogo michungu akaniambia, "Usiitoe kabla ya siku ya nne, sumu yake haijatoka." Mimi siku ya pili nikaitoa, nilikuwa nawahi mpira. Ikakauka, nikasagisha, dada akapika ugali. Wakubwa tuliumwa vichwa tu, ila mtoto wa dada, wa miaka minne, alitapika akalegea kama kitambaa. Hospitali daktari akauliza, "Mihogo mliloweka siku ngapi?" Nikamjibu chapu, "Nne, daktari."

Dada akawa analia, "Nani kamfanyia mwanangu hivi?" Jamani, niliogopa. Nikasema asubuhi nilimwona shangazi anazunguka jiko, ananong'ona.

Hicho tu. Lakini kijiweni wenzangu wakauliza, "Alivaa nini?" Nikamvika kaniki. "Alishika nini?" Nikamshikisha unga mweusi. Nilisimulia vizuri mpaka mwenyewe vinyweleo vikasimama. Na leo nikifumba macho, wallahi namwona na kaniki yake, wakati najua sikumwona!

Mtoto akapona. Nikashukuru, nikajua yameisha. Wapi! Wakasema, "Kapona kwa sababu mchawi katajwa."

Nikamfuata dada nikamwambia, "Dada, nilidanganya. Ni mihogo, niliitoa mapema." Akanishika shavu kwa huruma. "Pole mdogo wangu. Keshakufunga mdomo." Kijiweni nako wakanicheka, "Juzi umeona, leo hujaona? Wewe umesharogwa!" Nikilia, wanasema dawa yake inafanya kazi. Nikinyamaza, nimefungwa ulimi. Kila ninachofanya kinakuwa ushahidi.

Sasa hakuna anayechota maji akiwepo shangazi. Juzi wamepiga mawe bati lake. Jumamosi ukoo unakaa kumfukuza, na shahidi ni mimi peke yangu. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, anipige hata na mwiko. Akasema taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, labda uliona kweli. Watu wote hawa hawawezi kukosea. Labda ninafanya nikiwa sijijui."

Ndugu zangu, hapo ndipo nimechanganyikiwa. Mtu wa mwisho aliyekuwa anajua ukweli pamoja na mimi, naye ameanza kuniamini. Simwogopi mtu kwa maneno, lakini hili sijui naliondoaje vichwani mwa watu. Nishaurini kabla ya Jumamosi, nimwambie nani, nisemeje, ili nikisema sikuona nieleweke kwamba sikuona?