Gamba la Konokono la Mama

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka hapa Busia, upande wa Uganda. Nimezoea rangi zinazopiga kelele: nyekundu, njano, buluu. Mama aliponiomba nimchoree gamba la konokono, nilidhani ni kazi ya asubuhi moja tu.

Alikuwa ameliokota kwenye mihogo yake kule Dabani, akaliweka dirishani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Nichoree kubwa," aliniambia, "nilione vizuri."

Gamba lenyewe lilikuwa dogo kama kifuniko cha soda. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mistari ya hudhurungi, na kileleni waridi hafifu sana. Hakuna rangi iliyogombana na nyingine.

Nilichukua kipande cha plaiwudi nikaanza. Mara ya kwanza likatoka kama tangazo la duka la simu. Nikafuta kwa mafuta ya taa. Nikapunguza njano, nikaongeza nyeupe, likawa uji. Nikafuta tena. Kila nilipopata rangi moja, ya pili iliikataa. Wateja walisubiri mabango yao, nami nimekaa chini natukana kopo la rangi. Mke wangu akapita, akainama kutazama.

"Hiyo ni chapati?"

Nikachovya brashi tena.

Mwishowe, kwa hasira, nilitia hudhurungi kidogo katika kila kopo, hata kwenye nyeupe. Hapo rangi zikaanza kuelewana. Lakini ile waridi ya kileleni ilikataa kabisa; kila nikiigusa, ilitoka kama rangi ya midomo ya wanawake wa mabango ya saluni. Nikaiacha.

Nilimpelekea mama hivyo hivyo. Aliinua plaiwudi hadi karibu na pua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Rangi zimetulia," alisema. "Waridi iko wapi?"

"Imenishinda, mama."

"Hata kwenye gamba lenyewe siioni tena. Nilitaka kujua kama bado ipo."

"Ipo," nilimwambia, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho Tororo. Alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, anaweza kupasuliwa, ila foleni ni ndefu. Tulirudi nyumbani kusubiri kuitwa. Mpaka leo hatujaitwa.