Neno la Siri Lililopigiwa Kura

Basi kutoka Mombasa lilikuwa limekwisha kuvuka Horohoro na kupekuliwa na watu wa forodha hadi chini ya viti, na sasa lilimshusha mgeni mmoja Ngamiani, mjini Tanga, mahali asipopajua. Barabara za huko zina namba badala ya majina, utadhani waliopima mji waliishiwa na maneno. Mgeni alikuwa na mkoba mmoja, vumbi la kutosha kupanda muhogo, na haja ya kutuma barua pepe kwa watu wake. Akamuuliza muuza kahawa.

"Barua pepe?" Muuza kahawa, jina lake Mselem, aliweka dele lake la kahawa chini akatazama kushoto na kulia. "Nenda kwa Da Mwatumu, Barabara ya Kumi na Tano. Ila nakuomba, ukifika usimwambie."

"Nisimwambie nini? Mimi sijui kitu."

"Basi uko peke yako mji mzima," alisema Mselem, akammiminia kikombe. "Kunywa, usilipe. Wiki hii kahawa ni ya furaha."

Aliyejua kuliko wote, na aliyeumia kuliko wote, alikuwa Tausi, mpika vitumbua wa mlango wa pili kutoka kwa Mwatumu. Ilikuwa Alhamisi, na tangu Jumatatu Tausi alikuwa akiunguza vitumbua. Akimwona Mwatumu anapita, kicheko kilimpanda kooni naye akakirudisha kwa kukohoa. Mwatumu akamletea tangawizi. Hapo Tausi alitamani ardhi ipasuke.

Ni lazima kumjua Mwatumu ili kuelewa kwa nini mtaa mzima ulikuwa umeshikilia midomo yake kwa mikono miwili. Miaka kumi na moja alikuwa mpigaji wa teleksi, ile mashine ya kutumiana maandishi kwa waya, katika kampuni moja ya mkonge. Siku ya kwanza kazini aliapishwa: litakalopita vidoleni lisipite mdomoni. Wenzake waliapa vilevile na jioni wakasahau. Mwatumu hakusahau. Alijua bei ya mkonge imeanguka kabla ya mkurugenzi mwenyewe, na alijua nani anahamishwa na nani anafukuzwa, lakini nyumbani kwake habari pekee iliyotoka ilikuwa ya bei ya nazi. Kampuni ilipouzwa, hata orodha ya waliopunguzwa ilipitia mikononi mwake siku ya Jumatatu, jina lake likiwemo. Akakaa nayo kimya mpaka ilipotangazwa Ijumaa, na siku hiyo akashtuka pamoja na wenzake, akalia kwa adabu.

Viinua mgongo vikatoka. Ilikuwa zama za ruksa, kila mtu mfanyabiashara. Huyu akanunua robota la mitumba, yule jokofu la kuuzia barafu, Fundi Massoud akanunua cherehani, mwingine akaoa mke wa pili na miezi minne baadaye hana mke wa pili wala kiinua mgongo. Mwatumu, mjane, hana mtoto, akanunua kompyuta kuukuu iliyokuwa na joto kama jiko la Tausi, akavuta laini ya simu, akafungua duka.

Sasa watu wa Barabara ya Kumi na Tano tangu enzi za babu zao walikuwa wakipokea barua kwa sanduku moja la posta, la msikiti. Barua ikija, imamu anaita jina, mwenyewe anaitika. Walipoambiwa kuna sanduku jipya ndani ya kompyuta, wakafanya walilolijua: wakafungua moja, la mtaa mzima. Anwani ikachorwa kwa rangi ya kijani ukutani. Likabaki neno la siri.

"Neno la siri huchagua mtu mmoja," Mwatumu alieleza kwenye mkutano, "na halimwambii mtu."

"Na akifa?" akauliza Shekhe Mundhir, imamu.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Yakapendekezwa maneno matatu, mikono ikanyooshwa, likashinda jina la timu ya mpira ya mtaa, na washindi wakalishangilia neno la siri hadi Barabara ya Kumi na Saba wakalisikia.

Mwatumu alishika kichwa. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa hauna kitasa, akajenga kitasa kwa maneno. Akaapisha kila mtu. Barua mpya, alisema, huonekana kwa wino mzito. Ikishafunguliwa wino hufifia. Yeye kila asubuhi atachapisha zile za wino mzito tu, atazikunja bila kuzisoma, atazipiga pini na kumpa kila mtu yake. Iliyofifia haigusi, maana iliyofunguliwa ina mwenyewe. Na atakayefungua ya mwenziwe hatakanyaga tena dukani, wala barua zake hazitapokelewa.

Tausi aliapa kwa moyo wote. Mumewe, Abass, alikuwa baharia, na sanduku lile ndilo lililokuwa likimletea sauti yake kutoka bandari zisizotamkika. Ndiyo maana Jumatatu ile, Mwatumu alipokuwa ndani akiswali, Tausi alipoona kwenye kioo cha kompyuta mstari mzito unaotoka Mombasa, hakuuliza mara mbili. Meli ya Abass hupita Mombasa. Akabonyeza.

Haikuwa ya Abass.

"Mwatumu," iliandikwa. "Ni mimi Idarusi, wa teleksi ya Mombasa. Miaka kumi na moja tumeandikiana habari za mkonge bila kuonana, nami nilikuwa naujua mkono wako kwa namna mashine ilivyopiga. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Nimesikia nawe uko peke yako. Nataka sasa tuandikiane habari zetu. Jumamosi adhuhuri nitakuwa Horohoro, upande wenu, kwenye mgahawa ulio mkabala na forodha, nimevaa kofia ya viua. Ukija, nitaleta wazee kuposa. Usipokuja nitakuwa nimejibiwa, na sitakusumbua tena."

Tausi alijua angalipaswa kuacha kwenye neno "teleksi". Alisoma hadi mwisho, akarudia, akalia kidogo, akacheka, na alipotazama juu wino ulikuwa umefifia. Mwatumu akarudi, akatazama kioo, akaona hakuna wino mzito.

"Leo hatuna barua," alisema.

Tausi alimwambia mtu mmoja tu, Mwanaima, mwuza asumini. Mwanaima hakuamini, akaenda kuhakikisha. Aliyeambiwa na Mwanaima naye hakuamini. Kufikia Jumatano Barabara ya Kumi na Tano yote ilikuwa imekwenda kuhakikisha, mmoja mmoja, kila mmoja akisingizia kutazama barua zake, na biashara ya Mwatumu haijapata kuchangamka namna ile. Wote walijua, na hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa kusema ni kukiri.

Wakajaribu kumsukuma kwa mbali. Fundi Massoud alikuja na futi ya kupimia shingoni.

"Da Mwatumu, simama nikupime."

"Kwani nimekuagiza nguo?"

"Aa, najifunza tu mikono. Gauni la safari, labda. Mtu hajui safari itamjia lini." Kumbe kitambaa alikuwa ameshakikata.

Mwanaima alimjia na vikuba vya asumini vya kuchomeka nywelani, akamwuliza hivi Horohoro kuna joto. Mselem akaleta kahawa na halua, akasema watu wa Mombasa ni wapole sana, hasa wastaafu.

"Mna nini nyote?" aliuliza Mwatumu. "Mmekula nini?"

"Mbona hutazami barua za zamani, dada?" Tausi alijitosa. "Pengine kuna iliyojificha."

"Tausi. Iliyofunguliwa ina nini?"

"Ina mwenyewe," alijibu Tausi, na machozi yakamtoka kwa hasira ya kuona neno la haki linavyoweza kumziba mtu macho.

Alhamisi ile mgeni alipofika dukani na kupangiwa zamu ya Ijumaa jioni kwa wingi wa watu, Mselem aliona rehema imeshuka. Akamvuta Tausi pembeni. "Huyu hakuapa! Mwambie afungue, ajifanye ameiona kwa bahati."

"Mgeni ana saa moja mjini, tumeshamfundisha wizi?" alisema Tausi. "Toka!"

Akaenda msikitini, akasimama ukumbini kwa heshima.

"Shikamoo, Shekhe. Nina mas'ala."

"Marahaba. Sema, binti yangu."

"Mtu amefungua barua isiyo yake. Hakukusudia."

"Kufungua hakukusudia. Na kumaliza kusoma je?"

Tausi akachora sakafu kwa kidole cha mguu. "Na kama ndani yake mna heri ya mwenye barua, na heri yenyewe ina siku yake?"

"Hapo hakuna kuchelewa," alisema Shekhe Mundhir. "Jumamosi si mbali."

Tausi akainua macho. "Shekhe, mimi sikutaja Jumamosi."

Shekhe alitazama tasbihi yake kama kwamba jibu lilikuwa kwenye punje mojawapo. "Nilikuwa natafuta habari za mwandamo wa mwezi," alisema hatimaye. "Sikiliza. Amana iliyovunjika haitengenezwi kwa kufunikwa. Aende mtu akaseme kwa mdomo wake."

"Mtu gani?"

"Nakuachia wewe utangulie," alisema Shekhe, kwa upole mwingi.

Usiku huo Tausi alimfikiria Abass. Akisema, sauti ya mumewe itakatika, Mungu ajuaye mpaka lini. Asiposema, mtu mmoja atakaa Horohoro na kofia yake ya viua akitazama kila gari kutoka Tanga, kisha atarudi kwao akidhani amekataliwa na mwanamke ambaye hata hakuulizwa.

Ijumaa baada ya alasiri aliingia dukani, unga ungali mikononi.

"Da Mwatumu, nimesoma barua yako."

Mwatumu aliacha kukunja karatasi. "Yangu?"

"Nilidhani ya Abass. Halafu nikajua si ya Abass, nikaendelea. Imo humo, imefifia. Nifukuze, lakini isome leo. Leo, dada!"

"Umesoma yote?"

"Mara mbili."

Uso wa Mwatumu ulikuwa mkali kuliko Tausi alivyowahi kuuona. "Nilikaa miaka kumi na moja na habari za watu. Hata yangu mwenyewe ya kufukuzwa sikumnong'oneza mtu. Na wewe—"

"Na mimi," ilisema sauti dirishani. Ni Fundi Massoud. "Msimwonee peke yake."

"Mimi nilisoma nusu ya mwisho tu," alisema Mwanaima, "nusu ya kwanza nilisimuliwa."

"Na mimi," "na sisi," wakaitika kibarazani, na kutoka nyuma kabisa kikasikika kikohozi chenye elimu, na Shekhe Mundhir akasema, "Astaghfirullah. Na mimi."

Mwatumu aliwatazama wote. "Tokeni," alisema. "Mmefukuzwa. Mtaa mzima."

Akafunga mlango, akateremsha pazia. Hapo ndipo walipopata adhabu yao. Walijua kila neno alilokuwa akilisoma, wakihesabu kwa vidole ameshafika wapi, sasa yuko kwenye mgahawa, sasa kwenye kofia, lakini la maana, yaani jibu lake, hawakuwa na njia ya kulijua. Kisha vikasikika vidole juu ya vitufe, vya haraka, vya mtu wa teleksi. Fundi Massoud alisogeza sikio kwenye mlango, Tausi akamvuta kwa futi yake mwenyewe.

"Anaandika refu au fupi?" alinong'ona Mwanaima.

"Hayakuhusu!" alisema Tausi, akatega sikio.

Asubuhi ya Jumamosi Mwanaima alijaribu neno la siri kwenye kompyuta ya duka la mtaa wa pili. Likakataa. Akarudi akitangaza kama msiba, na watu wakacheka mpaka wakashika kuta, kwani kwa mara ya kwanza neno la siri lilikuwa siri.

Saa tatu Mwatumu akatoka. Alikuwa amevaa gauni la Fundi Massoud, aliloachiwa mlangoni usiku, lililomkaa sawasawa, kwa hiyo fundi alilia waziwazi. Asumini nywelani, udi ukimtangulia kwa hatua kadhaa. Gari la Horohoro lilikuwa limesimama pembeni, utingo akiita.

"Dada," Tausi alimfuata mbio, "utamwambia nini?"

"Barua hiyo ni yako?"

"Siyo yangu."

"Basi." Mwatumu alipanda, akakaa dirishani, akajaribu kukaza uso na uso ukamshinda. "Wewe uliyesema wa kwanza, Jumatatu njoo na jina lako. Nitakufungulia sanduku lako peke yako. Neno utalichagua mwenyewe, na ukiniambia hata mimi, nakufukuza tena."

"Na sisi?" alilia Mselem.

"Nyinyi mtapanga foleni, mmoja mmoja!"

Gari likaondoka. Mtaa mzima ulibaki barabarani ukipunga mikono, na mgeni katikati yao, barua yake bado haijatumwa, akipunga naye kwa nguvu kama mzaliwa, huku Tausi, ambaye hatimaye hakujua chochote, akiruka juu na kupiga vigelegele.