Bibi Alipopukutisha Maua ya Kahawa

Wazazi wetu walipofariki, baba mkubwa alitaka kutugawa: mmoja kwake, mmoja kwa shangazi kule Ibaba, wengine kwa wajomba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule ya misheni, nikasema wadogo zangu watatu nitawalisha mwenyewe. Baba mkubwa alikubali kwa sharti moja: siku atakayosikia wamelala njaa, atakuja kuwachukua.

Shamba letu lilikuwa moja tu, na Bibi, mama yake baba, akalijaza kahawa. Miche aliibeba kichwani kutoka misheni. Ulezi ukabaki pembezoni.

"Bibi, kahawa hailiwi," nilimwambia.

"Mume wangu," alinitania kama bibi anavyomtania mjukuu, "una miaka yote hiyo mbele yako, haraka ya nini? Mwenye haraka ningekuwa mimi."

Hilo ndilo lililonichanganya. Meno yake yalibaki machache, naye anapanda mti wa kungojewa. Mimi ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota nilitaka kitu cha kuvunwa msimu uleule. Nilidhani ingekuwa kinyume.

Miaka ya kungoja tuliishi kwa ule ulezi wa pembezoni na vibarua vyangu kwenye mashamba ya watu. Kisha miti ikachanua mara ya kwanza, kiwanja kizima kikanukia. Asubuhi moja nikamkuta Bibi anapita mti kwa mti akipukutisha maua kwa vidole.

"Unatuua!" nikapiga kelele.

"Mti mchanga haubebeshwi mtoto. Nenda kalime."

Sikumwelewa, ila nilikwenda kulima. Mwaka uliofuata nikawa mtii kuliko alivyotarajia. Nilipalilia, nikatandaza majani ya migomba chini ya miti, nikajizoeza kungoja.

Kahawa ikabeba hasa. Ilikuwa ingali ya kijani, mvua imeshika, ghala tupu na ulezi wa pembezoni haujakomaa, alipopita mchuuzi wa Isongole. Alitaka kutupa mahindi ya kutufikisha mavunoni, na kahawa yote iliyokuwa mtini iwe yake itakapoiva.

"Mpe," alisema Bibi, mchuuzi hata hajamaliza.

"Bibi! Imebaki miezi michache tu! Si wewe uliyepukutisha maua?"

"Mwaka ule ni mwaka ule. Mchuuzi, usimsikilize mume wangu, ameshazeeka."

Mchuuzi alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikwenda kati ya miti, nikashika matawi yaliyoinama kwa uzito. Kutoka pale nilimwona kitinda mimba wetu mlangoni, anakwangua chungu cha jana kwa kucha. Nikarudi, nikamwambia mchuuzi alete mahindi.

Haikupita wiki baba mkubwa akafika. Alikuwa amesikia kwamba ghala letu ni tupu. Akatukuta tumezunguka ugali, Bibi akamsogezea maji ya kunawa. Alikula, akawatazama wadogo zangu mmoja mmoja, akaaga, akaondoka peke yake.

Kahawa ilipoiva, mchuuzi alikuja na wachumaji wake. Bibi akajiunga nao akiimba, kana kwamba mavuno ni yake. Nikamfuata, nikamuuliza mtu anajuaje wakati wa kungoja na wakati wa kutongoja.

"Sijui, mume wangu," alisema. "Inamisha tawi hilo, sifiki."