Mashine Juu ya Godoro

Sijui kukaa nikatulia. Nikiingia nyumbani kwa watu, kabla hata ya kusalimia vizuri, kiganja changu kiko ukutani. Ninatafiti mitetemo: namna mlipuko wa mgodini unavyopita kwenye udongo na tofali hadi chini ya vitanda vya watu. Hapa Kolwezi kazi hiyo haiishi, na ukuta ulioninyima usingizi kuliko zote ulikuwa wa mama yangu.

Ufa ulianzia dirishani. Kila nilipokwenda ulikuwa umeteremka zaidi, nami nikizungukazunguka sebuleni, mama ananiambia nikae, namtia kizunguzungu. Nilimsihi ahamie kwangu. Akagoma, nyumba hiyo aliijenga na marehemu baba. Mwishowe tukapatana kwamba mashine yangu ya kupimia ndiyo iamue. Ikionyesha mtetemo wa hatari, atahama, isipoonyesha, nimwache.

Nikaiweka sakafuni kando ya ufa, nikaenda kazini roho juu. Niliporudi, mstari kwenye kompyuta ulikuwa umelala kana kwamba hakuna kilicholipuka. King'ora cha mgodi kikilia, akina mama wa mtaa wetu hushusha sahani kabatini na kuzilaza juu ya godoro zisivunjike. Mama alikuwa amelaza zake, na mashine katikati, maana ni kitu cha bei.

Nilicheka, ingawa moyoni nilikasirika. Nikamweleza polepole kwamba godoro linameza mtetemo, mashine lazima ikae chini. Akaitikia kila neno. Mlipuko uliofuata nikaikuta tena juu ya godoro, safari hii imefunikwa kitenge.

Hapo nikapandisha sauti, jambo lisilofaa mbele ya mzazi. Yeye hakupandisha.

"Mi nilisikia tangu mara ya kwanza, mwana yangu," akasema. "Masini ikisema nyumba inakufa, utanitosha humu, unipeleke kwako. Na baba yako nitamuacha wapi?"

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Siku ya mlipuko mwingine sikwenda kazini. King'ora kilipolia, mama alishusha sahani kama kawaida, akazipeleka chumbani. Nikaweka mashine sakafuni. Nikamwita tusubiri uani. Akatikisa kichwa, akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wenye ufa na kukaza miguu, kama mtu anayezuia mlango. Kumbe milipuko yote aliipitisha hivyo, peke yake. Nikaketi kando yake, nami nikaegemea.

Ardhi ikapiga. Mstari ukaruka juu, nikaogopa kumtazama.

Hakuniuliza mashine inasema nini. Alijipangusa vumbi la tofali mabegani, akaingia chumbani. Nikasubiri nisikie sahani zikirudi kabatini, sikusikia kitu. Nilipomfuata, nilimkuta amepiga magoti kando ya godoro, anazifunga moja moja kwa vitenge vyake.