Ozella wa Sauti ya Tatu

Ozella Tarver alizaliwa na sauti nzito, wala hakumwomba mtu radhi. Kwao Alabama, akipokea simu, watu walimwambia, "Samahani bwana, mama yupo?" Alipojiunga na chuo chetu cha watu weusi, mwaka 1961, mwalimu wa kwaya ya kanisa la chuo alimsikiliza mara moja tu, akampanga na wanaume, sauti ya tatu. Aliimba hivyo miaka miwili na hakuna aliyekufa.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa kwaya, Profesa Crenshaw, na nidhamu zake. Tulikuwa tukiingia kanisani kwa maandamano, wanaume kushoto, wanawake kulia. Sketi moja katikati ya suruali ilimkosesha usingizi.

"Binti Tarver, hamia sauti ya pili."

"Siifikii, Profesa."

"Basi chezesha midomo tu."

Sisi wa sauti ya pili tuliinama tusije tukacheka. Ozella hakuinama. "Mama hakunileta chuo nije kupiga miayo."

"Chagua. Kulia, au nje."

"Nje."

Alirudisha joho siku ile ile. Tulilala chumba kimoja, nikamsikia akilia. Kuimba alikupenda kuliko chakula, na mtu huyu kamnyang'anya hivi hivi. Nilimchukia Crenshaw, na hata sasa akiwa kaburini bado namchukia.

Jumapili tukaingia tukiimba. Ozella huyo, benchi la mbele, kavaa kofia ya mama yake. Wanaume wa sauti ya tatu walipoanza, naye akaanza, kwa nguvu zote. Profesa akamkodolea macho, lakini angemfanya nini? Muumini hafukuzwi kanisani kwa kumwimbia Mungu. Kina mama wakapunga mapepeo: "Imba, mwanangu! Waambie!"

Aliimba pale mpaka alipohitimu, kisha akapata kazi ya ualimu mjini, asiliache benchi lake. Maprofesa walikuja wakaenda.

Siku hizi wasichana watatu wanaimba sauti ya tatu na hakuna anayeshangaa. Mwaka jana, siku ya jubilei, kiongozi mpya wa kwaya alimletea joho mbele ya watu wote.

"Mama Ozella, leo tunakurudisha kwenye kwaya."

"Mnanirudisha kutoka wapi?"

Kijana wa watu akamsogezea joho.

"Sijakosa Jumapili hata moja. Ninyi ndio mlionihama. Chukua joho lako, mwanangu, uanze wimbo. Sauti ya tatu tuko tayari."